HADITHI YA JIWE MNAISOMA NUSU: Njaa, Mazoezi na Wanaomzulia Mtume (s.a.w.)



Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Allah aliyetuumba kwa umbo lililo bora, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu na ina ukali kidogo. Mwenye haraka aihifadhi, aisome usiku akitulia.

Zimezagaa klipu za "programu ya siku 30". Unaambiwa hivi: asubuhi usiguse kitu. Kimbia au nyanyua vyuma na tumbo tupu. Mchana kutwa kunywa maji tu, usiku kula mara moja. Ukiona kizunguzungu, vumilia, hiyo ni sumu inatoka mwilini. Kisha, ili usibishe, inapachikwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) kufunga jiwe tumboni, mpango mzima unaitwa "lishe ya Sunna", na chini kuna namba ya kutumia pesa.

Kama wangesema ni biashara yao tu, ningewaachia madaktari wawajibu. Lakini wamemuingiza Mtume (s.a.w.), na kunyamaza hapa ni khiyana.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asitokee wa kunilisha maneno. Funga ni ibada, na njaa inayokuja ndani ya funga ina ujira wake inshaAllah. Lakini njaa yenyewe kwa yenyewe si ibada. Njaa ni mjumbe aliyewekwa na Allah mwilini ili akuletee habari. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Nami naongeza: wala haabudiwi. Husikilizwa.

Sasa tuingie kwenye hoja zao, moja baada ya moja.

HOJA YA KWANZA: "MTUME ALIFUNGA JIWE TUMBONI"

Ni kweli. Hadithi ni sahihi, ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.). Ilikuwa katika kuchimba handaki, mwaka wa 5 Hijria. Maswahaba walikuwa siku tatu hawajaonja chakula. Likatokea jabali gumu, Mtume (s.a.w.) akainuka na jiwe limefungwa tumboni mwake, akalipiga kwa sururu likawa kama mchanga.

Walimu wa njaa wanaishia hapo. Wanafunga kitabu, wanafungua namba ya malipo.

Lakini hadithi haijaisha! Jabir (r.a.) alipoyaona yale hakusema mashaAllah, hii ndiyo programu. Aliomba ruhusa, akaenda mbio nyumbani na kumwambia mkewe kwamba ameona kwa Mtume jambo lisilovumilika, je kuna chochote ndani? Kulikuwa na shayiri kidogo na mbuzi mdogo. Mbuzi akachinjwa, shayiri ikasagwa, chungu kikainjikwa. Jabir akamwalika Mtume pamoja na mtu mmoja au wawili, kwa kuwa chakula ni kichache. Mtume (s.a.w.) akawaita watu wote wa handakini. Allah akatia baraka, wakala wote wakashiba na chakula kikabaki. Kisha akamwambia mke wa Jabir naye ale na awagawie wengine, kwa kuwa watu wamepatwa na njaa.

Tazama, ndugu yangu. Hadithi iliyoanza na jiwe imeisha na chungu cha nyama. Njaa ile ilikuwa dharura: adui anakuja na mji hauna chakula. Hakuichagua mtu. Chakula kilipopatikana, hakuna aliyeambiwa aendelee kuvumilia ili mwili ukauke. Basi anayekusomea jiwe akakunyima chungu amekusomea nusu ya hadithi, na nusu ya hadithi inaweza kuwa uongo mzima.

Isitoshe, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah kutokana na njaa, akiieleza kuwa ni mwenza mbaya wa kulala naye. Wameipokea Abu Daud na Nasai kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Jambo ambalo Mtume anamwomba Mola wake amkinge nalo, wewe unaliuza kama Sunna yake?

HOJA YA PILI: "KUJITESA NI KUJIKURUBISHA KWA ALLAH"

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kisa cha Abu Israil. Mtu huyu aliweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asipate kivuli, asiseme, na huku amefunga. Mtume (s.a.w.) aliamuru aseme, akae, aingie kivulini, na akamilishe funga yake. Ile ibada ikabaki, yale mateso yakaondolewa. Hii ndiyo fiqhi! Jua kali halikuwa na thawabu ndani yake, na kizunguzungu chako jimu vilevile.

Alikataza pia wisal, yaani kuunganisha funga usiku na mchana bila kula. Hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Na katika Sahihi mbili hizohizo, Anas (r.a.) ameeleza safari ya siku ya joto kali ambapo baadhi walikuwa wamefunga na baadhi hawakufunga. Waliofunga walianguka kwa uchovu. Wasiofunga ndio waliosimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kwamba siku ile ujira umechukuliwa na wale wasiofunga. Wakati wa kwenda kuifungua Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliwaeleza Maswahaba kwamba wanamkaribia adui na kufungua kutawapa nguvu zaidi. Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.).

Ikiwa funga ya Ramadhani, ambayo ni nguzo, iliachwa safarini ili mwili upate nguvu za kazi iliyo mbele, vipi mazoezi ambayo si faradhi yafanywe kuwa sababu ya kuumaliza mwili?

HOJA YA TATU: "THELUTHI YA TUMBO"

Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), aliyoipokea Tirmidhi, inatufundisha kwamba vijitonge vya kuunyoosha mgongo vinamtosha mwanadamu, na kama hapana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Isome vizuri. Ndani yake mna theluthi ya chakula. Haijasema sufuri. Na kipimo chake cha chini ni mgongo unyooke, yaani usimame na ufanye kazi zako. Anayetoka mazoezini ameshika ukuta mgongo wake haujanyooka. Hadithi hii inakemea shibe ya kupita kiasi, nyinyi mmeigeuza kuwa dalili ya kutokula!

Wanaotaja funga ya Jumatatu na Alhamisi nao nawauliza: mbona mnaikata miguu? Sunna ya funga ina daku, na Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba ndani ya daku mna baraka. Ina kuharakisha kufuturu. Anayeacha daku kwa makusudi, akachelewesha futari ili "achome mafuta", huyo anafuata programu, hafuati Sunna.

HOJA YA NNE: "SAYANSI IMETHIBITISHA"

Hapa nitakuwa mwadilifu, maana Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaotofautiana nao. Ni kweli kwamba ukifanya mazoezi bila kula, mwili wakati ule hutumia mafuta kwa kiasi kikubwa zaidi. Ni kweli pia kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutembea baada ya Alfajiri kabla ya chai, na hakuna ubaya. Mzee wangu anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi kupitia ufukweni, endelea na Allah akuzidishie.

Lakini kuchoma mafuta kwa saa moja si kupungua mwili. Mwili hupiga hesabu ya siku nzima na wiki nzima. Mwaka 2014 Schoenfeld na wenzake walichapisha utafiti wa wasichana 20. Kwa wiki nne wote walikula kwa kipimo, na wote walifanya mazoezi saa moja, mara tatu kwa wiki. Kundi moja lilifanya na tumbo tupu, la pili baada ya kula. Wote walipungua, na makundi hayakutofautiana. Utafiti ni mdogo, siufanyi Qur'ani, lakini yule muujiza mnaouza haukuonekana.

Na mkitaka sayansi ya njaa yenyewe, someni jaribio la Minnesota, Marekani, lililofanywa na Ancel Keys mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya walijitolea. Kwa miezi sita walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, na walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Misuli ikaisha, nguvu zikapungua, wakawa wanahisi baridi, wakawa na hasira na huzuni. Akili yao yote ikahamia kwenye chakula. Walikuwa wakilamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula maelfu ya kalori na bado hawakuhisi kutosheka.

Kalori 1,570! Kuna programu mnazouza zilizo chini ya hapo, na mazoezi yake ni makali zaidi. Kisha dada wa watu akishindwa na kuvamia sufuria usiku, mnamwambia imani yake ni dhaifu. Imani yake haina tatizo. Mwili wake unafanya kazi ambayo Allah ameuumbia: unamwokoa.

Na ile "sumu inatoka"? Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo, usiku na mchana, bila ada. Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio na macho kuingia giza ni dalili za sukari kushuka, au maji kupungua, au presha kuanguka. Simama, kaa chini, kunywa kitu chenye sukari. Usiambiwe uvumilie.

BASI TUMSIKILIZE VIPI HUYU MJUMBE?

Kukosoa bila kuelekeza ni nusu ya kazi. Kwanza, jifunze kumtofautisha mjumbe wa kweli na mzushi.

1. Njaa ya kweli huja taratibu. Tumbo linanguruma, nguvu zinapungua, na ukipewa ugali na maharage unashukuru. Njaa ya nafsi huja ghafla na huchagua: inataka chipsi tu, au keki tu. Jiulize, ningepewa muhogo wa kuchemsha ningekula? Kama jibu ni hapana, huenda ni uchovu, huzuni, au simu imekuonyesha picha.

2. Tumbo lina homoni iitwayo ghrelini inayopanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha hushuka. Ndiyo maana katika Ramadhani siku za mwanzo ni ngumu, kisha mwili unazoea. Kwa hiyo panga saa zako za kula, na njaa itapangika.

3. Mazoezi makali huifukuza njaa kwa muda. Unamaliza kukimbia na hutaki kitu, unasema alhamdulillah leo nimeshinda. Hujashinda, deni limesogezwa mbele. Saa chache baadaye njaa inakuja na ndugu zake wote. Usisubiri ikukamate.

4. Usingizi mdogo huongeza hamu ya kula. Anayekesha na simu mpaka saa nane usiku asilaumu tumbo lake.

5. Habari ya shibe hufika kichwani kwa kuchelewa, kama dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika tano ameshavuka theluthi zote tatu kabla hajajua. Kula kwa utulivu, kwa mkono wa kulia, kwa vijitonge, na watu wako mkizunguka sinia. Adabu hizi ndizo lishe ya Sunna.

CHAKULA KABLA NA BAADA YA MAZOEZI

Huhitaji kopo la unga la bei ya mbuzi. Mlo kamili kula saa tatu au nne kabla ya mazoezi makali. Ikibaki saa moja, kitu chepesi cha wanga kinatosha: ndizi mbivu, tende tatu, kikombe cha uji, kipande cha kiazi kitamu. Mafuta mengi yaache kwa muda huo, hukaa tumboni.

Ukimaliza, mwili unataka vitu vitatu: maji, wanga wa kurudisha akiba iliyotumika kwenye misuli na ini, na protini ya kujenga misuli. Gramu 20 hadi 30 za protini kwa mlo zinawatosha watu wengi. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Wali maharage na dagaa, chapati na mayai mawili na maziwa ya mgando, ugali na samaki: hiyo ndiyo "programu", na mama yako ameipika tangu hujazaliwa.

Hesabu ya mazoezi nayo si ya kutisha. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na mkewe Aisha (r.a.), akashindwa mara ya kwanza na akashinda mara ya pili. Hakumtangazia mtu programu.

Kwa wafungaji: mazoezi makali yawekeni baada ya futari, au mepesi karibu na Maghribi ili maji yako mbele yenu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kufunga wala mazoezi makali bila kuongea na daktari wake. Kwake tumbo tupu pamoja na mbio linaweza kuwa hatari ya roho.

Nawe unayecheka kwamba leo wamepigwa wenzako, subiri. Yuko anayetembea nusu saa kisha anafuta jasho kwa soda ya nusu lita na sahani ya chipsi, kwa hoja kwamba amefanya mazoezi. Soda ile peke yake ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na kalori zake zinapita zile ulizotumia kwenye huo mwendo. Allah katika Suratul-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza israfu. Aya moja, amri mbili. Wale wameondoa kula, wewe umeondoa katazo.

KWA DADA ZANGU

Msichana anayefanya mazoezi huku hali chakula cha kutosha anaweza kukatikiwa na hedhi na mifupa yake ikadhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mahususi juu ya upungufu huu wa nguvu kwa wanamichezo, wanawake na wanaume. Hedhi ikikatika usifurahi kwamba umepumzika, nenda hospitali. Na kumbuka kwamba mama yake Aisha (r.a.) alipotaka binti yake anawiri kabla ya kwenda kwa mumewe, alimlisha matango na tende mpaka akapata unene mzuri. Ameipokea Abu Daud. Wembamba wa kwenye klipu si kipimo cha uzuri katika dini yetu.

NENO LA MWISHO KWA WALIMU WA NJAA

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, basi hubeba dhamana ya madhara yake. Wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Wanazuoni wameijengea hukumu: ukimharibu mtu, unalipa.

Basi huyo binti atakayeanguka barabarani saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ulimwambia avumilie, dhamana yake iko shingoni mwako. Hata kama alikutumia pesa kwa hiari yake, na hata kama ulianza klipu kwa Bismillah. Na kumzulia Mtume (s.a.w.) ni deni jingine kubwa kuliko hilo. Futeni klipu hizo. Rudisheni pesa za watu. Mlango wa toba uko wazi, na mlango wa kusomea lishe uko wazi pia.

Nawe msomaji, Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, kama alivyopokea Imam Muslim, na katika wote mna kheri. Nguvu hiyo haipatikani kwa kushinda na njaa, wala kwa kushindana na sinia. Leo ukihisi njaa, usimpige mjumbe wala usimsujudie. Muulize amekuja na habari gani, kisha sema Bismillah ule kwa kiasi chako.

Allah atukinge na njaa, atukinge na israfu, na atujaalie miili yenye kumtii. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, hasa yule uliyemwona juzi ameshika ukuta.